Siku Niliyosema Bi Mize Hajambo

Mjukuu wangu Zuwena anasoma Kifaransa jioni, yeye na wenzake kumi hivi, wapate kutembeza wageni mjini. Juzi alisahau daftari lake mezani kwangu, nami nikalisoma bila ruhusa. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: *Comment ça va?* Hujambo? Na chini yake: *Ça va bien, merci.* Sijambo, ahsante. Mwalimu ametia vema kwa wino mwekundu. Nilicheka peke yangu mpaka meno ya bandia yakataka kutoka, maana kwa swali hilo na jibu hilo hilo, mimi babu yake nusura nimuue mwanamke wa watu.

Basi wanangu, wewe Zuwena na wenzako kumi, nimeamua kukuandikieni. Vema mlizopewa ni zenu, msizifute. Nataka tu mjue yanayokuja baada ya ukurasa wa kwanza, kwa sababu mimi niliishia hapo, na serikali ikanilipa mshahara kwa kuishia hapo.

Nilikuwa mkalimani wa hospitali. Watu wa zamani watakwambieni nilikuwa hodari. Wanaosema hivyo ni wale wasiojua Kifaransa, na wakati ule hao walikuwa karibu kisiwa kizima.

Nchi ilipopinduka mwaka wa sitini na nne, madaktari wengi wa Kiingereza walifunga mizigo, na waliokuja nyuma yao walitoka kila pembe ya dunia, kila mmoja na lugha yake. Hospitali yetu ndogo ya njia ya Bububu, upande wa Mtoni, yenye vitanda vinane na paa linalovuja juu ya viwili, ilipata daktari kutoka Aljeria. Wazee wa hapo walifurahi. Mwarabu huyu, walisema, tutaelewana naye. Wakamwendea, wakamsalimu kwa Kiarabu cha chuoni, cha Kurani, kila herufi mahali pake. Naye akawajibu kwa Kiarabu cha kwao, cha mbio mbio, nusu kimemezwa. Wakatazamana. Siku ya pili ikaamuliwa atafutwe mtu wa Kifaransa.

Mtu huyo nikawa mimi, kwa kuwa niliwahi kukaa Bukini, yaani Madagaska, miaka mitano, katika mji wa Majunga, nikisaidia jikoni kwa bibi mmoja wa Kifaransa tuliyemwita Madame. Kifaransa changu kilikuwa cha jikoni. Nilijua kitunguu, kisu, sufuria, chumvi imezidi, na mpumbavu. Hilo la mwisho nililijua kwa kulisikia sana.

Bwana mmoja wa ofisini alinihoji.

"We Makame, Kifaransa wakijua?"

"Kama maji, bwana."

"Hebu sema nisikie."

Nikasimama wima, nikamsomea mlo wote wa Jumapili wa Madame, kuanzia supu mpaka matunda, kwa sauti ya khatibu wa Ijumaa. Akatikisa kichwa kwa heshima.

"Umesema nini hapo?"

"Nimesema naahidi kuwatumikia wananchi kwa moyo wote."

Nikaandikwa kazi siku ile ile. Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema, lakini yangu ilikuwa na kona nyingi kwa hivyo ilichukua muda kufika mwisho.

Daktari alikuwa mtu mwembamba, mwenye haya, anayevuta sigara nyingi. Kila akiingia wodini alisema "*Ça va?*" na kila akiulizwa alijibu "*Ça va*", kwa hivyo watu wakamwita Daktari Savaa. Hata watoto wa Mtoni walimwita hivyo njiani, naye akiwapungia mkono. Nilipenda sana neno lile. Mtu anauliza *ça va* na wewe unamrudishia *ça va*, yaani huhitaji kujua lugha, unahitaji kuwa na masikio tu. Nikaona kazi hii nyepesi.

Mashaka yalianza daktari aliposema kitu kingine. Asubuhi moja alifika macho mekundu, akajitupa kitini, akasema: *Je suis crevé.* Neno *crevé* nilikuwa nalijua tangu Majunga; ndilo alilosema dereva wa Madame kila gari ilipopata pancha. Nikatoka mbio nikamwita dereva wetu. Akapachika jeki chini ya Landrova, akavua mipira minne, mmoja mmoja, akaitumbukiza kwenye pipa la maji kutafuta tundu. Tulifanya kazi ile saa nzima. Daktari akatoka na kikombe chake, akatutazama, akauliza kuna nini, nami nikamjibu kwa fakhari kwamba tunamshughulikia. Leo najua mtu akisema *je suis crevé* amechoka hoi, na dawa yake ni kiti na chai. Dereva yule hakunisemesha wiki mbili.

Aliyenijua tangu siku ya kwanza alikuwa Bi Salma, muuguzi mkuu, mtu wa Jang'ombe kama mimi, mwenye ulimi wa pilipili. Hakujua Kifaransa hata neno, lakini alijua watu. Siku moja alinivuta kando baada ya kupita vitandani.

"Makame, mbona wamsimamia daktari ubavuni kama bibi harusi? Mkalimani hukaa kwa mgonjwa. Inama, umtazame usoni."

"Bi Salma, hii ni kazi ya masikio."

"Haya. Masikio yako yatakufikisha."

Ukweli ni kwamba nilipenda kusimama karibu na koti jeupe. Mtu akipita dirishani angeweza kudhani na mimi ni daktari kidogo. Nilikuwa na mashati mawili, moja la kazi na moja la kuonekana, na lile la kuonekana nilikuwa nalitia wanga mpaka likawa linasimama lenyewe.

Siku hiyo ninayotaka kuwaeleza nilikuwa nimevaa lile la kuonekana.

Bi Mize alikuwa mwanamke wa Matemwe, umri wake kama thelathini, mama wa watoto wanne. Aliletwa jana yake na mama mkwe wake, Bi Time, tumbo likimuuma. Akapewa vidonge, akalazwa atazamwe. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Tulipofika kitandani kwake alijivuta akakaa, akarudisha kanga kichwani, akatazama chini. Bi Time alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, mikono juu ya magoti, akisikiliza kila kitu.

"*Comment vous sentez-vous ce matin, madame?*" akauliza daktari, yaani wajisikiaje asubuhi hii.

Mimi nikiwa ubavuni mwake, nikarusha swali: "Daktari auliza, hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi," akasema Bi Mize.

"*Ça va bien*," nikasema. Na kwa ajili ya shati, nikaongeza la kwangu: "*Très, très bien, docteur*", hajambo sana sana.

Daktari akambonyeza tumbo, chini, upande wa kulia. Bi Mize akafumba macho.

"Panauma?" nikamuuliza.

Akamtazama Bi Time, kisha akanitazama mimi. "Kidogo tu, kaka."

"*Un petit peu.*"

Daktari alisita. Aliniuliza kama nina hakika. Ningeweza kumgeukia Bi Mize nikamuuliza tena, ingekuwa pumzi mbili tu. Sikumuuliza. Nilisema ndiyo, nina hakika. Nje kulikuwa na watu wamekaa chini wakisubiri vitanda, na daktari, akimwamini mkalimani wake, akaandika karatasi ya ruhusa.

Sasa nyinyi ni watoto wa hapa, mshajua nilikosea wapi. Mtu wa Unguja ukimuuliza hujambo, hata awe amevunjika mguu, atakwambia sijambo. Jibu lile la kwanza ni shukurani kwa Mungu kwamba yuhai. Halihusiani na mguu. Mguu utaletewa baadaye, ukishauliza habari za nyumbani, na watoto, na jamaa, na kila mtu awe hajambo. Hapo ndipo mtu hushusha pumzi akasema, "Isipokuwa…" Shida ya mtu wetu hukaa nyuma ya isipokuwa. Na "kidogo tu" mbele ya mama mkwe, kwa mwanamke aliyelelewa vizuri, ni maumivu ambayo mwanamume angeyapigia kelele mpaka Bububu. Mimi nilizaliwa katika desturi hii, nimenyonya nayo, na asubuhi ile nikaifasiri kama mtu aliyeshuka melini jana.

Saa nne nikatoka kunywa kahawa. Nje ya lango kulikuwa na baraza ya mawe, na hapo Bi Mize alikuwa amekaa akisubiri gari la Matemwe litokalo Darajani. Bi Time alikuwa amesogea barabarani na kifurushi chao, mkono juu ya macho, akiliangalia gari. Kupita bila salamu ni utovu wa adabu, kwa hivyo nikasimama. Sikuwa na nia nyingine. Nilitaka kahawa yangu.

"Hujambo, Bi Mize?"

"Sijambo, kaka."

"Habari za toka asubuhi?"

"Njema."

"Na watoto huko nyumbani?"

"Hawajambo, wa kwa bibi yao."

"Na baba watoto?"

"Hajambo, yuko dago." Watu wa pwani ile huenda dago, wakapiga kambi ya kuvua mbali na kwao.

"Basi vyema. Mtafika salama inshallah."

"Inshallah." Nikainua mguu niende zangu. "Isipokuwa hili tumbo, kaka," akasema kwa sauti ndogo. "Toka alfajiri n'naliona kama linapasuliwa kwa kisu. Na sasa kisu kimetulia, lakini mwili wote wanitetema. Usimwambie mama."

Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Kanga yake ilikuwa imelowa jasho, na midomo imekauka imekuwa rangi ya majivu. Kahawa ilinitoka kichwani. Nilihisi baridi, wanangu, juani saa nne ya asubuhi.

Na gari nalo likaja. Lilikuwa gari la shamba la bodi ya mbao, limejaa watu na majogoo, utingo kaning'inia nyuma. "Matemwe! Matemwe! Upesi!" Bi Time akarudi mbio, akamshika Bi Mize mkono amwinue.

"Bi Time, hasafiri huyu," nikasema.

"Hasafiri kwani nini? Daktari kashasema mzima. Nawe mwenyewe ndo uliyetwambia, na masikio yangu haya yamesikia."

"Nilikosea."

"Ulikosea nini?"

Gari zima lilikuwa limenyamaza. Hata majogoo, nakumbuka hivyo, ingawa pengine ni fedheha yangu tu iliyowanyamazisha. Utingo akashuka aone vizuri. Nikaona watu wanaonijua, mmoja wao fundi cherehani aliyenishonea shati.

"Nimemfasiria daktari uongo," nikasema. "Huyu mgonjwa sana. Mimi sikumuuliza vya kuulizwa."

"Alaa!" akasema mtu ndani ya gari. "Na shati lote hilo!"

Bi Time hakucheka. Alimtazama mkwewe, akamgusa shavu kwa kiganja, na uso wake ukabadilika. "Mize, mwanangu," akasema, "mbona hukunambia?" Akatupa kifurushi chini. "Mshike huko, kaka, mimi n'shike huku."

Tukamrudisha. Nikamwacha na Bi Salma nikaingia kwa daktari bila kubisha hodi, na hapo ndipo nilipogundua jambo la ajabu. Sikujua kusema kwa Kifaransa kwamba mtu hajisikii vizuri. Miaka mitano Majunga sikuwahi kuyahitaji maneno hayo. Madame alipouliza *ça va, Makame?* nilijibu *ça va, Madame*, na siku niliyomwagikiwa na mafuta ya moto mkononi nilijibu *ça va* nikiwa nimeficha mkono nyuma. Mtumishi hakuulizwa ili aseme kweli. Kwa hivyo nilisimama mbele ya daktari mdomo wazi.

"*Docteur! Madame… ça va… non! Ça va non!*"

Akaniangalia.

Nikafungua ghala lote la jikoni. Nikasema tumbo, nikasema kisu, nikaonyesha upande wa kulia. Nikasema sufuria inachemka, kifuniko kinaruka, moto mwingi sana. "*La marmite, docteur! Le couvercle saute!*" Na kwa kuwa machozi yalikuwa yananitoka, nikayaacha nayo yafasiri.

Alikuwa keshasimama. Alimpima Bi Mize kwa dakika mbili hazikutimia, akapiga kelele iletwe Landrova. Dereva yule yule wa mipira minne ndiye aliyetupeleka mjini, na nashukuru mipira yote ilikuwa na upepo, maana kwa hakika ilikuwa imekaguliwa. Bi Mize alipasuliwa adhuhuri ile. Kilikuwa kidole tumbo, na kilikuwa kimekwisha toboka. Daktari wa mjini alisema kama angefika Matemwe, asingerudi.

Jioni Bi Salma alinikuta nimekaa kwenye ile baraza ya lango. Nilikuwa tayari kwa pilipili yake.

"Makame, we si Mzanzibari?" akaniuliza, lakini kwa upole. "Mtu akikwambia sijambo, ndo ushamaliza kumsalimu? Hata kuku wa jirani huulizwa zaidi."

Kisha daktari akaja, akakaa upande wa pili, akawasha sigara. "*Et toi, Makame? Ça va?*"

Ulimi ukaenda wenyewe kwenye jibu la Majunga. Nikauzuia.

"*Non, docteur*," nikasema. "*Ça va non.*"

Nikamweleza kila kitu, kwa vipande, kwamba sijui Kifaransa, kwamba mimi ni mtu wa vitunguu na sufuria, aniandikie barua ya kufukuzwa kwa maneno mepesi ili niweze kuisoma mwenyewe. Alicheka mpaka akakohoa moshi. Alikuwa anajua, alisema. Alijua tangu siku niliyomwomba chumvi nikitaka anipe wino. Hakusema kitu kwa sababu aliona haya, na kwa sababu hakuwa na mwingine. Kisha akaacha kucheka. Akasema kosa la asubuhi lile ni la watu wawili, kwa sababu na yeye aliona macho yamefumba, akaliamini neno. Mimi sikubaliani naye mpaka leo. Neno lilikuwa langu.

Hakunifukuza. Kila asubuhi, kabla ya kupita vitandani, alinifundisha jinsi watu wa kawaida wanavyosema hali zao, nami nikaandika kwenye daftari kama la Zuwena, ila bila vema. Kwanza alinitengenezea lile langu: *ça ne va pas*, hali si nzuri. *Comme ci, comme ça*, hivi hivi tu. *Ça peut aller*, nasukuma siku. *Je n'en peux plus*, nimeshindwa kabisa. Hilo likisemwa usiulize lingine, tafuta kitanda. *J'ai le cafard*, nina unyonge wa moyo. Na mdudu anayetajwa hapo ni mende, lakini safari hii niliuliza kabla ya kuleta dawa ya kupulizia.

Nami nikamfundisha yeye kusalimu. Akawa anakaa ukingoni mwa kitanda, anauliza kwa Kiswahili chake kilichopinda habari za nyumbani, za watoto, za mifugo. Watu walicheka, wakamjibu njema, njema, hawajambo. Naye akitulia, bila kugusa tumbo la mtu, mpaka isipokuwa itoke. Mimi nikiwa nimeinama upande wa mgonjwa, shati la kazi. Kulikuwa na foleni, ndiyo. Bi Salma alisema ni hospitali pekee ambamo daktari anajua majina ya mbuzi.

Bi Mize alikuja baada ya miezi miwili na mkungu wa ndizi na pweza mkavu. Tukamuuliza hujambo, akajibu sijambo, tukaendelea kumuuliza, mimi huku na daktari huku, watoto, baba watoto, kisima, paa la nyumba, mpaka akashika kiuno. "Jamani! Sijambo kweli! Hii sijambo ya kweli!" Bi Time alisimama nyuma yake akicheka mpaka akafuta macho kwa buibui.

Daktari aliondoka miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Bandarini nilimuuliza *ça va?* akajibu *ça va*. Nikamuuliza mama yake. Hajambo. Nikamuuliza nyumba yao, na dada zake, na kama baridi imekwisha kule. Akajibu yote. Kisha akatazama mji nyuma yangu, akasema, "*Sauf que…*" Hilo ndilo isipokuwa yao. Hakumalizia, wala sikuhitaji mkalimani.

Haya, wanangu, someni, mtembeze wageni, mpate riziki. Mgeni akikwambieni *ça va*, mtazameni na miguu yake, huenda viatu vinambana.

Na wewe Zuwena, nina neno nawe peke yako. Kila jioni unapita mlangoni mbio, unapiga ukelele, "Babu, *ça va?*" nami nakujibu, "*Ça va*, mwanangu." Unakwenda zako umeridhika, kama nilivyoondoka mimi kitandani kwa Bi Mize na wanga wangu shingoni. Bibi yako ana miezi minne sasa tangu atangulie mbele ya haki. Kesho ukipita, kaa kidogo. Niulize habari za nyumba, na za magoti, na za kuku. Mimi ni mtu wa Unguja, nitakujibu njema, njema, hawajambo. Usiondoke. Endelea kuuliza tu, isipokuwa yangu iko njiani.